Goti Lililoshinda Makambako

Wote mmeniuliza swali moja kwa namna tofauti: goti limesemaje? Ningeweza kuwajibu kwa neno moja. Lakini neno hilo lilinichukua njia ndefu kulipata, na katikati ya njia nilikuwa nimeshapata jingine, tamu zaidi na la uongo. Kwa hiyo naandika yote. Habari za tiketi na karatasi za bima naziacha, hazijawahi kumfurahisha mtu.

Kwa wale ambao hamkuwepo: nafanya jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukamatana na kubanana chini kwenye mkeka. Ukizidiwa unagonga kwa kiganja, mkekani au mwilini kwa mwenzako, naye anakuachia hapo hapo. Kugonga ndiko kushindwa. Wanasema hakuna aibu ndani yake. Mimi hilo la mwisho sijawahi kuliamini.

Jioni moja mazoezini Dar niligeuka, mguu wa kulia haukugeuka. Daktari wa kwanza akasema nipumzike. Wa pili akasema huenda kano ya ndani imekatika. Nikamuuliza “huenda” yake ina uzito gani, akaangalia saa. Mbele yangu kulikuwa na mashindano ya Nairobi, na kocha wangu akasema hataniandikisha mpaka daktari atamke kitu kinachoeleweka. Hapo mama akaingilia kati: nenda Ikonda. Mjomba alitibiwa huko, kwenye hospitali ya misheni, milimani Makete. Nikamuuliza kwa nini nizipite hospitali zote za Dar niende kwenye baridi.

“Kwa sababu wale wamezoea watu waliotoka mbali,” akasema. “Hawatakukimbia na maswali yako.”

Nikakubali kwa sharti kwamba njiani nitapita kwenye klabu za jujitsu za Makambako na Njombe, ambazo nilikuwa nikizisikia tu. Mama akanitaka niahidi kwamba nitaangalia tu. Nikaahidi. Gi yangu, lile koti zito la mazoezi, niliifua na kuiweka chini kabisa ya begi.

Dar mpaka Makambako

Basi lilikwenda vizuri mpaka Kitonga. Pale mlimani lori la mbolea lilikuwa limesimama kwenye kona. Halikuanguka, lilikataa tu kupanda, na nyuma yake magari yakajipanga mpaka bondeni. Watu wakashuka, wakanunua vitunguu ambavyo hawakuwa na mpango navyo, wakarudi kukaa, wakashuka tena. Mimi kukaa siwezi. Nilikuwa nikichechemea kutoka mbele ya basi hadi nyuma, nikirudi namkuta jirani yangu, mama wa Wanging'ombe mwenye kofia ya sufu, akinitazama mguu.

“Goti?”

“Goti.”

“Unaenda Ikonda.” Hakuwa anauliza.

“Umejuaje?”

“Kijana wa Dar anapanda huku amenyoosha mguu, ataenda wapi kwingine?”

Nikamwambia nina safari nyingine pia, za michezo. Akanitikisia kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mwenye homa. Lori lilipovutwa na sisi tukaitwa ndani, alikuwa ameshamwambia kondakta, na kondakta alikuwa ameshawaambia watu wa viti vya mbele. “Mpisheni mgonjwa wa Ikonda.” Kijana mmoja akahamisha mfuko wake wa mchele ili ninyooshe mguu. Nikakataa kiti cha mbele, wakadhani naona haya, wakanisukuma kwa upole mpaka nikakaa. Dar nilipanda nikiwa mwanamichezo. Kufika Iringa nilikuwa mgonjwa, na abiria wapya walikuwa wakipewa habari zangu kabla hawajauliza.

Makambako

Makambako ina upepo ambao hauchoki. Unatoka kwenye basi, unakukamata shingoni, na malori yamepanga mistari pande zote kama yanakusubiri. Nilikaa nyumba ya wageni iliyokuwa na mablanketi mazito na kitasa kilichofunga pale tu kinapotaka. Kesho yake, baada ya kusubiri mvua ikatike, nikaitafuta klabu.

Ipo nyuma ya karakana ya matairi. Mkeka wao ni magunia yaliyojazwa maranda ya mbao na kushindiliwa, juu yake turubai la lori limevutwa mpaka likakaza. Linanukia msonobari na dizeli. Kocha anaitwa Festo, mtu mfupi mwenye mabega ya mlango. Alikuwa utingo wa malori ya Zambia, na jujitsu aliiokota Lusaka, kwenye siku ambazo mzigo ulikuwa haushushwi.

“Nimekuja kuangalia tu,” nikamwambia.

“Karibu sana. Kuangalia ni bure.” Akatazama begi langu. “Na hilo nalo limekuja kuangalia?”

Wakacheka wote. Nikawaeleza habari ya goti na ya Ikonda, kwa sababu mgeni anayeingia kwenye mkeka wa watu anapaswa kusema anachoumwa. Festo akawatazama vijana wake, mmoja baada ya mwingine, halafu akasema kama nataka kujinyoosha naweza, taratibu.

Nilivaa gi haraka kuliko nilivyowahi kuivaa.

Wa kwanza alikuwa Obeid, fundi wa matairi, mwenye mikono inayofungua boliti bila spana. Nikamshika mkono wa kulia, nikauweka katikati ya miguu yangu nikianza kuuvuta, akagonga. Nikamwachia. “Mbona mapema?”

“Dada, ulinishika pabaya,” akasema, akisugua kiwiko cha kushoto.

Niliona kwamba anasugua kiwiko kisicho chake, yaani kisicho cha mkono nilioushika. Niliona kabisa. Nikajiambia kwamba maumivu husafiri.

Wa pili aligonga nilipomkalia kifuani. Wa tatu, dereva mmoja mwenye kitambi, aligonga nikiwa bado natafuta kola yake. Mwisho nikaomba kupambana na Festo mwenyewe. Nikamkaba kwa kola, kabali ambayo Dar hainisaidii kwa mtu yeyote mwenye shingo, naye akagonga mara mbili polepole, akakohoa kidogo, akasema, “Dar mna mafunzo.”

Goti halikusema kitu. Nilisimama katikati ya turubai nikitoka jasho kwenye baridi ile, nikawaza: huu ndio ushahidi. Daktari mmoja alisema pumzika, wa pili alisema huenda, na hapa kuna klabu nzima imegonga. Nani alete hoja nyingine?

Baadaye wakanipeleka kula kitimoto na ndizi za kukaanga, kwenye kibanda ambacho moshi wake ulinipenda mimi peke yangu. Hapo Obeid akaniuliza kabila.

“Mtanzania,” nikasema.

“Hilo si kabila, dada. Hilo ni kitambulisho.”

“Nimezaliwa Temeke.”

“Na hiyo ni wilaya.”

Swali hilo sijawahi kulipenda. Huwa najiuliza mtu anataka kulifanyia nini jibu. Wakaliacha kwa heshima, wakanisogezea vipande vyenye nyama zaidi.

“Kwa hiyo Ikonda ni lini?” Festo akauliza.

“Nitaona. Labda hakuna haja tena.”

Akacheka, akidhani natania. Mimi nilikuwa nimemaanisha. Nikatoka nje ya kibanda nikampigia kocha wangu Dar, nikamwambia aniandikishe mashindano ya Nairobi, goti ni zima, nimepambana na klabu nzima na wote wamegonga.

“Wote?”

“Wote.”

“Hata kocha wao?”

“Hata kocha wao.”

“Ongea na daktari kwanza, Editha,” akasema. “Halafu nipigie.” Nikamwona ni mkaidi asiyejali ushahidi. Nikapanga hivi: nipite Njombe, nione klabu yao, kisha nigeuze nirudi Dar. Makete ibaki na baridi yake.

Makambako mpaka Njombe

Kipande hiki ni kifupi, ila gari lilikataa kukifanya kifupi. Tulisubiri abiria, kisha tukamsubiri dereva aliyekwenda kuwatafuta abiria. Nikanunua viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, nikavila nimesimama. Tulipoondoka hatimaye, misonobari ilianza, halafu mashamba ya parachichi, halafu chai, na ukungu ukawa unashuka barabarani kana kwamba nao una nauli.

Mwanamke aliyekaa karibu nami, akiwa amembeba mtoto mgongoni hata ndani ya gari, aliuliza kama naenda Ikonda. Sijui mguu wangu ulikuwa umeandikwa nini.

“Naishia Njombe,” nikamwambia. “Nimepona.”

“Asante Mungu. Ulikaa Ikonda muda gani?”

“Sijafika.”

Akanitazama. Akatazama mbele. Tukaenda hivyo mpaka stendi ya Njombe.

Njombe

Klabu ya Njombe inafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa usharika wa Kilutheri, jioni, kwaya ikishamaliza. Nilipofika kwaya haikuwa imemaliza. Sauti ya tatu ilikuwa inapotea kwenye mstari uleule, na mwalimu wao akawarudisha, wakaimba, ikapotea tena. Wanajujitsu walikuwa wamekaa ukutani na masweta juu ya gi zao, wakisubiri bila kunung'unika. Mimi nilitoka nje, nikaingia, nikatoka. Binti mmoja mwenye nywele fupi na mashavu mekundu ya baridi alinisogezea benchi kwa mguu.

“Kaa, dada. Sauti ya tatu haitaponywa na wewe.”

Jina lake Upendo. Ana kitalu cha miche ya parachichi na ana mkanda wa bluu kama mimi. Kocha wao, Mwalimu Tweve, anafundisha hisabati sekondari na ana sauti ya mtu anayekuomba radhi. Alinisalimu “kamwene”, salamu ya huku, akasubiri niirudishe sawasawa, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Tumepata habari zako kutoka Makambako. Karibu sana. Pole sana.”

Kwaya ilipotoka wakatandika mikeka, ya kweli hii, ya bluu, imechakaa kingo. Kabla ya mazoezi wanasali. Wakasimama duara, Mwalimu akasema leo tumkumbuke mgeni wetu aliye safarini kwenda Ikonda. Nilitaka kumsahihisha kuhusu Ikonda, lakini alikuwa ameshafumba macho.

“Tunamweka mikononi mwako mtumishi wako Editha…” Akafumbua jicho moja. “Editha nani, dada? Jina la ukoo.”

“Gama.”

Mtu mmoja kwenye duara akatoa pumzi puani. Mwingine akajikohoza. Mwalimu akaendelea na sala kwa ujasiri, “Editha Gama, pamoja na goti lake,” lakini mabega ya Upendo yalikuwa yakitikisika, na amina ilipofika aliisema akiwa ameinama, ameshika magoti yake mwenyewe.

“Mngoni,” akasema alipopata hewa. “Mwalimu, tumemwombea Mngoni. Mungu atatuuliza.”

Kwa msiojua mambo ya kusini: babu zetu Wangoni wa Songea walikuwa wakija huku kuchukua ng'ombe na watu, na babu wa huku hawakukaa wakitazama. Vita vilipokwisha kilichobaki ni utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako, akachukua kofia yako akaenda nayo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Mimi nilikuwa nikiyajua haya kwa kusoma. Chuoni utani ni mada ya mtihani.

“Sasa mbona Makambako hukusema?” Upendo akauliza. “Obeid si mtu wa Wanging'ombe? Ungemwambia jina lako, angekubwaga chini mpaka turubai litoboke. Wenzio walikaa wakikugongea kama mtoto.”

“Walinigongea kwa sababu niliwashika.”

Upendo akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akatazama mkeka.

“Dada,” akasema Mwalimu kwa ile sauti ya kuomba radhi, “Festo alipiga simu. Alisema anakuja mgeni, mgonjwa, anaenda Ikonda, na mchezo anaupenda sana. Alisema wao wamempokea vizuri, na sisi tumpokee vizuri.”

“Kunipokea vizuri ndiyo kugonga?”

“Mgeni wako, mguu mbovu, anaenda asikojua ataambiwa nini. Utamkaba?”

“Wote waligonga bure? Hata Festo?”

“Festo alisema alikohoa,” akasema Upendo. “Alisema hapo alipitiliza.”

Nilihisi uso wangu unachemka katika baridi ile. Nikamwambia Mwalimu kwamba huo si ukarimu, huo ni udanganyifu. Kwamba nimejipima goti kwa mapambano yale. Kwamba nilikuwa nimeshapiga simu Dar niandikishwe mashindano, na kesho nilikuwa nageuza narudi, Ikonda siendi. Nilisema mengi. Nilipomaliza, niliona kwamba wamenielewa kwa mara ya kwanza, na kwamba wameogopa.

“Ulikuwa huendi Ikonda?” Mwalimu akauliza.

“Niende kufanya nini, na klabu nzima imegonga?”

Akakaa chini kwenye mkeka. Haikuwa imemwingia akilini, wala Festo na vijana wake haikuwa imewaingia, kwamba mtu anaweza kupewa zawadi akaichukua kama kipimo cha hospitali. Kwao safari ya Ikonda ilikuwa haina mjadala. Walikuwa wakiniwekea kitu kidogo cha furaha njiani, kama mtu anavyomfungia msafiri viazi.

“Basi mmoja wenu apambane nami kweli,” nikasema. “Nijue.”

Hakuna aliyenyanyuka. Kijana mmoja akaanza kukaza mkanda ambao ulikuwa umekazwa.

“Mwalimu,” akasema Upendo, “huyu si mgeni tena. Ni mtani. Mimi hakuna atakayenilaumu.”

Mwalimu akautazama mguu wangu. “Usiguse mguu ule,” akasema.

Hakuugusa. Hilo nataka mlielewe, kwa sababu wengine mmeshaanza kumchukia. Tulishikana kola tukiwa tumepiga magoti, nikahisi mara moja tofauti ya mtu anayetaka kushinda. Mikono yake ilikuwa na nia. Alinisukuma kidogo kulia, nami nikafanya kile ambacho mwili wangu umekifanya mara elfu: nikainua goti la kulia, nikakita unyayo chini ili nigeuke nimpindue. Nusu ya juu ya mguu ikageuka. Ya chini ikabaki ilipo. Goti likatoka mahali pake na kurudi, bila maumivu makubwa, kama mlango unaopigwa na upepo, nami nikajikuta nimelala chali na Upendo juu yangu. Alikuwa hajafanya lolote bado. Niligonga.

Aliniachia kabla kiganja hakijatua mara ya pili. Uso wake ulikuwa umebadilika, na niliona anautafuta mzaha kwa shida.

“Mnakuja vitani,” akasema, “na miguu ya kuazima.”

Watu walicheka kidogo, kwa hofu. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye benchi na sweta la mtu mabegani, wakaniletea chai ya rangi yenye tangawizi na mkate wenye parachichi, nikamaliza vyote nikiangalia mguu ule kama abiria niliyemkuta kwenye kiti changu.

Njombe mpaka Ikonda

Asubuhi Upendo alikuwa stendi kabla yangu. Alisema ana shangazi anayeishi Tandala ambaye hajamwona siku nyingi, na gari ni hilo hilo. Sikumwamini, ila sikumuuliza, jambo ambalo wanaonijua mtaliona ni la ajabu.

Kiti cha mbele nilipewa bila kuomba, na safari hii nikakaa. Barabara inapanda na kuzunguka, inapanda tena. Kila mara ukidhani umefika juu kabisa, kuna shamba la viazi juu yako, na mtu analilima amesimama karibu wima. Dereva alisimama kupakia magunia ya viazi, akasimama tena kuyashusha kwa sababu mwenye mzigo na yeye hawakuelewana, kisha wakaelewana yakapakiwa upya. Nilikuwa nikigonga dashibodi kwa vidole.

“Unagonga tena?” Upendo akasema kutoka nyuma. “Hajakushika mtu.”

Abiria wakataka kujua maana yake, akawaeleza mchezo wote, pamoja na jinsi nilivyoshinda Makambako. Alieleza kikohozi cha Festo kwa vitendo. Kina mama wa nyuma walicheka mpaka mmoja akaomba gari lisimame. Halafu wakaanza kuniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu Dar sikuona taabu kuitwa mgonjwa. Kila mmoja alikuwa na mtu wake huko Ikonda: mume, mtoto, mtu wa kijijini. Hakuna aliyeniambia nitapona. Waliniambia mlango wa kuingilia, na wapi chai ni ya moto.

Ikonda

Watu walikuwa wametoka kila mahali. Nilisikia lafudhi za Mbeya, za Songea, za Dar, na moja ambayo sikuijua. Tulisubiri kwenye mabenchi, tukasogea, tukasubiri mabenchi mengine. Nilisimama, nikakaa, nikasoma matangazo yote ya ukutani, nikayasoma tena.

Daktari alikuwa kijana, pengine amenizidi miaka michache. Nikamweleza mambo yote tangu mwanzo, na Makambako pia. Hakucheka. Akanilaza, akakunja mguu wa kushoto, akakalia unyayo wangu ili usitembee, akashika mfupa chini ya goti na kuuvuta kwake. Ukavutika kidogo ukagoma. Akahamia wa kulia. Ukavutika, na ukaendelea kuvutika, kama droo ya kabati.

“Umeona?”

“Rudia,” nikasema.

Akarudia, kushoto na kulia. Nilikuwa nimejiinua kwa viwiko nikitazama. Hakukuwa na “huenda” mahali pale. Picha zilipotoka zilisema kilekile.

Nikamuuliza kila nililokuwa nalo. Alijibu yote akiwa amekaa, bila kuangalia saa. Kano ya ndani imekatika. Bila upasuaji nitatembea, nitapanda milima, nitalima nikitaka. Lakini kujigeuza na mtu juu yangu, hapana. Kwa upasuaji, karibu mwaka mzima bila mkeka, mazoezi ya kuchosha ya kuuimarisha mguu, na mwisho wake mguu unaweza kunirudisha mchezoni au usinirudishe.

“Huwezi kuniahidi?”

“Siwezi.”

“Na ningekwenda Nairobi hivi hivi?”

“Ungepambana raundi moja, mbili. Ungerudi gegedu, lile tandiko kati ya mifupa, limesagika. Hapo ungeniletea goti ambalo sina cha kulifanya.”

Akaniambia nikafikiri, nikiamua nirudi anipangie tarehe. Nikatoka.

Upendo alikuwa nje ya geti, kwenye kibanda ambapo ndugu wa wagonjwa wanapika. Alikuwa ameshafanya urafiki na sufuria la watu na anamenya kiazi cha moto. Shangazi wa Tandala hakuwa ametajwa tena.

“Limekatika,” nikamwambia. “Nairobi hakuna. Wakilishona, mkeka hakuna karibu mwaka, na hata hivyo hawaahidi. Wasiposhona, mkeka hakuna milele.”

Nilikuwa nikisubiri pole. Kila mtu tangu Kitonga alikuwa amenipa pole. Upendo akaweka kiazi juu ya kifuniko cha sufuria, akajifuta mikono kwenye khanga, akajishika kichwa. Kisha akaangua kilio, kile cha msibani chenye maneno.

“Uwii, goti la Mngoni limeondoka. Goti lililotembea kutoka kusini kuja kuchukua ng'ombe wa babu zangu. Nani atatuibia sasa? Nani atakimbia mlima huu na ndama begani?”

Watu wakageuka. Baadhi wakaelewa upesi, nikaona tabasamu zinaanza. Hivi ndivyo watani wanavyofanya kukiwa na msiba: hawakupi pole, wanakuja kulia kwa dhihaka mpaka wafiwa washindwe kujizuia. Kwenye mtihani niliandika kwamba kazi yake ni kupunguza mvutano katika jamii. Nilipata alama nzuri.

Mama mmoja aliyekuwa anachochea moto hakuelewa. Alisogea karibu na Upendo, akamshika bega.

“Pole, mwanangu. Marehemu alikuwa na umri gani?”

“Ishirini na sita,” Upendo akalia.

“Jamani, mdogo hivyo. Ameacha watoto?”

“Hata mmoja. Alipenda michezo tu.”

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka nikalazimika kushika nguzo ya kibanda, halafu kicheko kikageuka bila kuniuliza, nikawa nalia kweli, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya Dar. Upendo hakunyamaza. Aliongeza sauti, ili yangu isisikike.

“Sasa nyie mnacheka maiti au mnalia?” mama akauliza, ameanza kukasirika.

“Ni goti, mama,” nikasema. “Ni goti langu. Wanataka kulipasua.”

Akalitazama goti. Akamtazama Upendo kwa jicho ambalo ningeliogopa. Kisha akachukua kile kiazi kwenye kifuniko, akakipulizia majivu, akanipa. Nikala nimesimama. Kilikuwa cha moto mno na hakikuwa na chumvi. Nilikuwa nikitafuna na kujiuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuahidiwa mguu, na kama mwaka bila mkeka ni mrefu kuliko maisha bila mkeka. Swali la pili halikuhitaji chuo kikuu.

Nikamwomba mama maji, nikanywa, nikageuka kurudi getini kuuliza tarehe. Nyuma yangu Upendo alikuwa ameshaanza kuwaeleza watu mipango ya mazishi.